Je, wajua kwa nini moto wa Bunsen hauna rangi?

Kama ulisoma kemia sekondari unakikumbuka kile kichomeo cha maabara, bansen bana, ukifunga tundu la chini moto unakuwa wa njano na masizi kibao, ukilifungua unageuka bluu hafifu hata mwangani huuoni vizuri. Wengi tuliishia kukichora kwenye daftari tu, huyo Bunsen mwenyewe hatukuambiwa ni nani na huo moto alikuwa anautakia nini.

Robert Bunsen alikuwa profesa wa kemia Ujerumani, kazaliwa Göttingen 1811, kafundisha Kassel, Marburg, Breslau kidogo, halafu 1852 akaenda chuo kikuu cha Heidelberg na hapo ndo akaganda mpaka anastaafu 1889. Hakuwahi kuoa. Mwaka 1843 alikuwa anahangaika na misombo ya aseniki (sumu ile kabisa!), chombo kikalipuka, jicho la kulia likapofuka, na bado akarudi maabara.

Sasa 1855 Heidelberg wamejengewa maabara mpya yenye gesi ya bomba, Bunsen akamweleza fundi wa chuo, Peter Desaga, anataka kichomeo cha namna gani, Desaga akakitengeneza. Ujanja wote uko kwenye hewa, inaingia kwa chini na kuchanganyika na gesi kabla haijawaka, kwa hiyo kaboni inaungua vizuri, hayabaki yale masizi yanayong'aa njano. Tusimpe sifa zote lakini, mwanasayansi Michael Faraday kule Uingereza alishagusa wazo kama hilo kabla yake.

Moto usio na rangi wa nini? Chukua waya safi, chovya kwenye chumvi ya jikoni, weka motoni, unaona njano kali, hiyo ni sodiamu. Potasiamu inatoa zambarau, shaba kijani. Moto wenyewe ukiwa wa njano tayari utajuaje ipi ni ipi? Mwenzake wa fizikia, Kirchhoff, akashauri mwanga upitishwe kwenye prizimu (kioo cha pembe tatu kinachotenganisha rangi za mwanga), ikaonekana kila elementi ina mistari yake ya rangi, kama alama za vidole vile.

Mwaka 1860 kwenye maji ya chemchemi ya Dürkheim, mji wa hukohuko Ujerumani, wakakuta mistari ya bluu isiyo na mwenyewe. Bunsen akachemsha na kukausha maji hayo lita kama 44,000, akaambulia gramu chache tu za chumvi ya elementi mpya, siziamu, na mwaka uliofuata ikafuata rubidiamu. Hiyo siziamu ndo iko kwenye saa za atomiki, zile zinazopima muda kwa usahihi mkubwa mno, tangu 1967 urefu wa sekunde moja unapimwa kwa hiyo.