Je, wajua kwa nini zawadi yaweza kumpunguzia mtoto hamu ya kusoma?

Mwalimu wa darasa la pili anaingia na pakiti ya pipi. Atakayesoma ukurasa mzima, asema, atapata moja. Mikono yote juu, hata ya wale wasiojua kusoma. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku pakiti inapokwisha, na mwalimu akiomba msomaji anaulizwa: "Leo tunapewa nini, mwalimu?"

Walimu wengi, kuanzia Arua hadi Busia, wanalijua swali hilo, na wazazi wanaoahidi soda kwa kila kazi ya nyumbani wanalijua pia. Wepesi wetu ni kusema watoto wa siku hizi wameharibika. Mimi naona watoto hao wamefanya hesabu iliyo sawa kabisa. Kama kusoma ni kitu ambacho mtu mzima lazima akilipie, basi bila shaka ni kitu kisichopendeza chenyewe.

Mwaka 1973 watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto wa kati ya miaka 3 na 5 ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi, bila kuhimizwa na mtu. Wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilionyeshwa cheti kizuri chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu, likaambiwa: chora, utapewa hiki. Kundi la pili lilichora tu, kisha likapewa cheti kilekile kwa ghafla, bila kuahidiwa. Kundi la tatu lilichora na halikupewa kitu.

Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa mezani darasani wakati wa michezo huru, watoto wakaachwa wachague wenyewe. Wale waliokuwa wameahidiwa cheti walitumia takriban asilimia 9 ya muda wao kuchora. Wa kundi la pili walitumia karibu asilimia 18, na wa kundi la tatu karibu 17. Yaani ahadi ya cheti ilikata mapenzi ya kuchora kwa nusu hivi. Hata picha zilizochorwa kwa ajili ya cheti zilionekana hafifu kuliko za wenzao.

Tazama vizuri kundi la pili. Cheti walipata, tena kilekile, na hamu yao haikuguswa. Kwa hiyo ubaya haukuwa kwenye zawadi, ulikuwa kwenye mapatano yaliyotangulia. Mtoto hujifunza kujijua kwa kutazama anayoyafanya. Anayechora bila ahadi hujiambia anapenda kuchora; anayechora kwa ahadi hujiambia anatafuta cheti, na cheti kikishapatikana kazi imekwisha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwenye ngoma mchezaji hutangulia kucheza, watu wakafurahi, ndipo noti zikatoka mfukoni. Anayesimama pembeni akisubiri kulipwa ndipo ainue mguu, hata akicheza, ngoma haimo ndani yake.

Lakini hilo lisituchukue mbali mno. Watoto wa Stanford walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo, na penzi ndilo lililopungua. Kufagia darasa, kuwahi asubuhi, kurudisha vitabu kabatini: hayo hayana penzi la kupunguza, na zawadi ndogo haiwezi kuyadhuru. Kadhalika mtoto wa darasa la kwanza ambaye herufi bado zinamchanganya hawezi kupoteza hamu ya kusoma ambayo hajawahi kuwa nayo. Zawadi yaweza kumsaidia avuke siku zile ngumu za mwanzo. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kumlipa yule ambaye tayari anakaa na kitabu wakati wa mapumziko.

Kwetu Uganda swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kwa miaka mingi kilichoshika nafasi ya zawadi kilikuwa fimbo. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya muda mfupi. Walimu na madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mtu mmoja mbele ya watoto themanini huona fimbo kama njia pekee ya kusikika. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, ila sheria peke yake haimwonyeshi mwalimu afanye nini saa nne asubuhi darasa linapovuma.

Njia ya kufanya ipo, na imepimwa hapahapa nchini. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa shule nzima uliojaribiwa katika shule 42 za msingi wilayani Luweero, wilaya yenye mji wa Bombo ambako Kiswahili husikika kila kona. Nusu ya shule zilipewa mpango huo, nusu zikangoja. Shule ziliweka malengo yao zenyewe, walimu wakajifunza kumrekebisha mtoto bila kumpiga, na jitihada njema zikasifiwa waziwazi. Mwaka 2014, baada ya miezi 18, wanafunzi waliulizwa kuhusu wiki iliyopita. Katika shule zilizongoja, karibu asilimia 49 walisema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule; katika shule zenye mpango, asilimia 31. Bado ni wengi mno. Ila alama za majaribio ya masomo hazikutofautiana kati ya pande mbili, na hilo nawaomba wanaosema mtoto asipopigwa hasomi walitafakari kwa makini.

Kwa darasa kubwa kuna pia mchezo uliochapishwa mwaka 1969 na watafiti wa Marekani, na hauhitaji hela. Darasa linagawanywa timu mbili. Kila mtoto anapovunja kanuni iliyotajwa wazi, kwa mfano kusimama bila ruhusa, timu yake inapata alama ubaoni. Timu yenye alama chache inashinda, na zikiwa chache pande zote, zote zinashinda. Zawadi ni kuwahi mstari wa chakula, au dakika za ziada za kucheza. Uangalizi unatakiwa sehemu moja tu: asiachwe mtoto mmoja akabebeshwa lawama ya timu nzima.

Na maneno? Hapo ndipo mwalimu ana hazina isiyokwisha kama pakiti ya pipi. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili walivunjika moyo walipokutana na maswali magumu, wakafanya vibaya zaidi baadaye, kuliko wenzao waliosifiwa kwa juhudi. Ni rahisi kuona kwa nini. Aliyeambiwa "una akili sana" akikosa, ina maana akili imepotea. Aliyeambiwa "umerudia hesabu hii mpaka ikakubali" anajua la kufanya safari ijayo. Makofi ya darasa zima, yale ya mpangilio tunayoyapenda sana, yana nguvu zaidi mwalimu akitaja kwanza yanapigwa kwa lipi: herufi zimekaa juu ya mstari, ama jirani amegawiwa kalamu.

Kama pipi zimeshaanza, zisikatwe siku moja, maana watoto wataona wameadhibiwa. Mtoto aliyekuwa akipewa kila anapowahi apewe mara moja kwa siku kadhaa, kisha siku asiyoijua, kila mara pamoja na neno linalosema amefanya nini. Pipi ipungue, neno libaki. Kwa kusoma, zawadi iliyo bora ninayoijua ni kusoma kwenyewe: anayemaliza ukurasa ndiye anayechagua hadithi ambayo mwalimu atawasomea wote kabla ya kengele ya kwenda nyumbani.