Bustani ya mvua si dimbwi la mbu

Mwonyeshe mtu picha ya bustani ya mvua kando ya barabara ya mjini, na mara nyingi atakujibu: "Hapo mnafuga mbu." Hofu hiyo inaeleweka, maana bustani yenyewe huchimbwa chini kidogo ya usawa wa barabara ili maji ya mvua kutoka barabarani yaingie na kunywewa na udongo. Ila kuingia si kutuama.

Mbu huhitaji maji yaliyotulia kwa siku 7 hadi 10 hivi, tangu yai hadi kuruka. Penye baridi huchukua muda zaidi. Bustani iliyojengwa vizuri hukauka juu ndani ya siku moja au mbili. Kiluwiluwi hawahi kuota mbawa.

Chukua Sheffield, Uingereza, ambako mto Don ulifurika mwaka 2007. Baadaye barabara pana iliyokuwa haina tena magari mengi katikati ya mji ilipunguzwa, na sehemu ya lami ikawa bustani. Awamu ya kwanza ilikamilika 2016. Maji ya mvua huteremka kutoka barabarani hadi kwenye udongo mwepesi, yananywewa, na yanayobaki huelekea mtoni polepole.

Mbu wanaotusumbua wengi hutoka kwingine: tairi bovu, ndoo iliyosahaulika, na (hili halipendwi kusikika) mtaro wa zege ulioziba kwa chupa za plastiki.

Bustani nayo ikijaa tope hutuamisha maji. Siku ya tatu ukikuta bado yamesimama, chukua koleo uzoe tope.