Kifafa cha mimba: upande wa mume nao uulizwe

Kliniki nesi anauliza, kwenu kuna aliyewahi kupata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba? Mama anafikiria mamake na dada zake, anajibu hapana, kadi inajazwa, anaitwa anayefuata. Mama mkwe hajatajwa kabisa. Sisi wa kitengo cha uzazi hili linatuumiza sana, manake mwanaume ambaye mamake alipata kifafa cha mimba akiwa na mimba yake, naye mke wake anakuwa kwenye hatari zaidi.

Inakuwaje? Kondo la nyuma linatokana na mtoto, sio mama, kwahiyo nusu ya jeni zake ni za baba. Mimba ikiwa changa seli za kondo zinajipenyeza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi zinatanua mishipa ya damu ya mama, na hiyo mishipa isipotanuka vizuri kondo linakosa damu ya kutosha, linaanza kumwaga kemikali kwenye damu ya mama, ndio baada ya wiki 20 unakuta presha 140/90 au zaidi, protini kwenye mkojo, figo na ini vinaumia, ikizidi mama anaanguka degedege. Mwaka 2017 watafiti walikuta hatari hiyo inahusiana na jeni za mtoto zilizo karibu na FLT1, jeni inayohusika na mojawapo ya hizo kemikali.

Na jirani zetu Uganda wamefanya kazi kubwa. Annettee Nakimuli wa Makerere na wenzake walichunguza akina mama wa hospitali ya Mulago, Kampala, wakatoa matokeo 2015: seli za kinga za mama zina jeni za KIR, zinakutana na alama za HLA-C kwenye kondo, zingine za baba, na kuna mchanganyiko unaoongeza hatari. Halafu KIR inayowakinga Waganda sio ile iliyoonekana kwa wazungu, kwahiyo tafiti za Ulaya peke yake hazitutoshi.

Hapo hakuna kurogwa wala uzembe wa mama, tafadhali wifi na mashemeji muacheni apumue.

Ukijua historia ya pande zote mbili itaje mapema, kabla ya wiki 16 ikiwezekana, manake daktari akiona vihatarishi vinatosha anaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo, ila usijinunulie mwenyewe duka la dawa. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona maluweluwe, au maumivu makali chini ya mbavu kulia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama umeshajifungua wiki kadhaa zilizopita.