Mirihi Haitalingana na Mwezi: Soma Kabla ya Kusambaza

Kila ifikapo Agosti maswali huanza upya kuhusu ujumbe wa "miezi miwili angani", unaodai kwamba sayari ya Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Jibu ni lile lile: kwa macho matupu Mirihi haionekani kubwa kama Mwezi, si mwaka huu wala mwingine wowote.

Uvumi wenyewe ulianzia kwenye habari ya kweli. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilifika umbali wa takriban kilomita milioni 56 kutoka duniani, na watu wakaelezwa kwamba kwa darubini inayokuza mara 75 wangeiona kubwa kama Mwezi unavyoonekana kwa macho. Wasambazaji wakaidondosha darubini njiani, kisha wakaufuta mwaka. Laiti wangeubakiza huo mwaka tu!

Kipenyo cha Mirihi ni kilomita 6,779, karibu mara mbili ya kile cha Mwezi. Lakini hata siku ile ilikuwa mbali mara 145 kuliko Mwezi. Tena umbali wake na Jua hubadilika, kati ya kilomita milioni 207 na 249, kwa hiyo kila miezi 26 hivi Dunia inapoipita, ukaribu hutofautiana. Tarehe 19 Februari 2027 itakuwa umbali wa kilomita milioni 101, na mara 75 hazitatosha. Zitahitajika kama 135.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo au lenzi yake hadi pale mwanga unapokutana) kwa ule wa lenzi ya kuchungulia: milimita 1,200 kwa 9 ni mara 133. Ukuzaji usivuke mara mbili ya kipenyo cha darubini kwa milimita. Ukivuka, unakuza ukungu tu. Itoe darubini nje nusu saa kabla, kwani kioo chenye joto huifanya taswira icheze. Subiri sayari ivuke nyuzi 30 juu ya upeo, wala usichungulie juu ya mapaa yaliyoshinda juani.

Tazamia duara dogo la rangi ya kutu (ni kutu kweli, ya chuma kilichomo kwenye vumbi lake), doa jeupe la barafu kwenye ncha, na mabaka meusi kama lile liitwalo Syrtis Major. Mirihi hujizungusha kwa saa 24 na dakika 37, hivyo ukirudi kesho saa ile ile utakuta karibu upande ule ule. Anayetaka upande mwingine akeshe saa kadhaa. Na ukikuta duara tupu lisilo na baka, usiharakishe kuilaumu darubini: mwaka 2018 dhoruba ya vumbi iliifunika sayari nzima.