Mama asiyepata saa ya utulivu anaombaje?

Katika ushauri wa kichungaji, swali ninaloletewa na akina mama mara nyingi kuliko yote si la ndoa wala la fedha. Ni hili: “Mchungaji, siombi tena kama zamani. Mungu ameniacha?” Nikimuuliza zamani alikuwa anaombaje, majibu hufanana. Alikuwa anaamka alfajiri, anasoma sura mbili tatu, anapiga magoti mpaka kunapambazuka. Sasa ana mtoto anayenyonya usiku kucha, mwingine wa chekechea, na kazi inayomtaka awahi asubuhi. Akifungua Biblia, mstari wa pili macho yamefumba.

Wengi wameshaambiwa “jitahidi”, na hilo halikuwasaidia. Mimi nataka kujibu kwa Maandiko yenyewe, kwa sababu yana mengi ya kumwambia mama wa namna hii ambayo mimbarini hayasemwi.

Anza na Hana. Tunamkumbuka kwa machozi yake kule Shilo, mahali pa ibada pa Israeli, alipomwomba Mungu mtoto na Eli kuhani akamdhania amelewa. Yanayofuata huwa tunayaruka. Katika 1 Samweli 1:21–23 Samweli ameshazaliwa, na Elkana anapanda na watu wa nyumba yake kwenda kutoa dhabihu ya kila mwaka. Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atabaki mpaka mtoto aachishwe ziwa, ndipo ampeleke mbele za Bwana. Elkana akamjibu afanye kama aonavyo vema. Na kuachisha ziwa enzi hizo hakukuwa jambo la miezi michache: katika kitabu cha Pili cha Wamakabayo kuna mama anayemwambia mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Kwa hiyo Hana hakukosa ibada moja tu. Alikaa nyumbani wakati wenzake wakipanda Shilo, naye ndiye aliyekuwa na nadhiri nzito kuliko wote katika nyumba ile.

Mwandishi hamlaumu hata kwa neno moja. Ukiisoma sura hiyo taratibu utaona sababu. Nadhiri ya Hana ilikuwa kumtoa mtoto amtumikie Bwana, na mtoto anayenyonya asingeweza kuachwa kwa kuhani mzee. Kila siku aliyomlisha, alikuwa anaitimiza nadhiri. Kule kunyonyesha ndiko kulikokuwa utumishi wake kwa wakati ule. Naomba mama uliyeamka mara kadhaa usiku wa kuamkia leo ulisome hilo tena, na baba wa nyumba amsome Elkana: hakumkumbusha mkewe wajibu wa dini, alimwachia nafasi ya kuamua na akamtakia Bwana alithibitishe neno lake.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe ambacho akina mama hawa hujipimia, saa ya utulivu ya alfajiri. Mstari unaotajwa zaidi kuhusu maombi ya asubuhi ni Marko 1:35, Yesu alipotoka alfajiri na mapema kwenda mahali pasipo watu akaomba. Ni mfano mtakatifu na siupunguzi. Lakini usiishie hapo. Mistari miwili inayofuata, Simoni na wenziwe wanamfuata huko huko na kumwambia, “Watu wote wanakutafuta.” Faragha yake ikaishia pale, akaondoka nao kwenda kwenye kazi. Katika sura ya 6 anawaita wanafunzi wapumzike kidogo, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Wanafika ng’ambo, umati umeshawatangulia. Marko anasema aliuhurumia. Bwana wetu anajua kukatizwa. Mama anayeitwa katikati ya sala na mtoto aliyeanguka hajatoka mbele za Mungu kwa kuinuka.

Martha naye hutumiwa vibaya kuwakemea akina mama wenye shughuli nyingi, nalazimika kulisema. Katika Luka 10 Yesu hakumkemea kwa kupika. Alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Nenda Yohana 12:2: Martha anatumikia tena mezani, Yesu yupo, na hakuna anayemkaripia.

Basi aombe vipi? Hapa mimi hugeukia watu ambao hatungetarajia, watawa wa jangwani Misri. Mnamo mwaka 412 hivi, Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alimwandikia Proba, mjane wa Kirumi aliyetaka kujua namna ya kuomba. Katika barua hiyo anawataja ndugu wa Misri, kwamba huomba mara kwa mara lakini kwa sala fupi mno, wanazozirusha upesi kabla moyo haujapoa. Yohane Kasiano, aliyekaa na watawa hao, anaeleza kwamba walishikilia mstari mmoja katika kila hali, wakiwa kazini, safarini au kitandani: “Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima” (Zaburi 70:1). Hawa hawakuwa na mtoto wa kubembeleza. Walichagua sala fupi kwa sababu waliijua akili ya binadamu.

Ninachowafundisha akina mama kinatoka hapo. Chukua mstari mmoja, uushike wiki nzima, na uufunge kwenye kazi ambayo mikono yako inaifanya kila siku bila kufikiri: kufungua bomba, kukunja nguo, kumfunga mtoto kamba za viatu. Mkono ukianza kazi, mdomo uanze mstari. Usiongeze wa pili mpaka wa kwanza uje wenyewe. Wanangu walipokuwa wachanga niliandika Zaburi 4:8 kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ukutani mbele ya kiti nilichonyonyeshea, usawa wa macho. Usiku wa manane, kwa mwanga wa taa ndogo, “katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara” ilisemwa mtoto akivuta ziwa, na “maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama” ikasemwa yupo begani nikimpapasa mgongo acheue. Baadhi ya usiku sikufika sehemu ya pili, usingizi ulinichukua. Naamini sala ile ilipokelewa.

Kuhusu watoto wenyewe, Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati za kuwafundisha: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Zote ni nyakati ambazo mama tayari yuko nao. Ibada ya familia ya dakika tano, mtoto mmoja akiwa chini ya meza, ni ibada. Mwacheni aulize. Susanna Wesley, mama wa John Wesley mwanzilishi wa Wamethodisti, aliyezaa watoto 19 na kuwazika wengi wakiwa wadogo, husifiwa kwa simulizi la kujifunika aproni kichwani ili aombe. Kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba alimtengea kila mtoto jioni yake katika wiki ya kuzungumza naye peke yake kuhusu roho yake. John alipewa Alhamisi, na akiwa mtu mzima mwenye kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Oxford alimwandikia mamaye akiomba sehemu ya jioni ile ya Alhamisi. Utaratibu huo unawezekana hata leo. Kwa mwenye watoto watatu ni jioni tatu.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipitwe. Nabii Eliya alipokuwa chini ya mti wa mretemu akitamani kufa (1 Wafalme 19), Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye. Uchovu haukemewi kama pepo. Na mama aliyejifungua akiona huzuni haiondoki kwa zaidi ya wiki mbili, hawezi kulala hata mtoto akilala, hajisikii chochote kwa mtoto, au anapata mawazo ya kujidhuru, hiyo ni hali inayotibika na anahitaji daktari au mkunga upesi, huku kanisa likiendelea kumwombea. Kumwambia imani yake ni ndogo ni kumwongezea mzigo ambao Mungu hakumpa.

Wachungaji wenzangu, sehemu ya jibu iko mikononi mwetu. Isaya 40:11 inasema Bwana kama mchungaji “wanyonyeshao atawaongoza polepole”. Kanisa linalomfuata mchungaji huyo hupanga vikao vya akina mama saa ambayo watoto hawajalala, huwa na watu wa kuwashika watoto ili mama asikilize neno mpaka mwisho, na humtembelea aliyekosa ibada akiwa na chakula kilichopikwa, kabla ya kumuuliza alikuwa wapi.