Bangili ya bawaba: paipu kwanza, nakshi baadaye

Wanaojifunza usonara wakifika kwenye bangili ya kufunguka wengi wanakimbilia nakshi, na hapo ndo kazi inapoharibika, kwa sababu nakshi hata iwe nzuri vipi kama bawaba inacheza mteja hatoivaa. Mafurungu (bangili za miguuni) ya zamani ya Oman na Zanzibar yenye nusu mbili, bawaba huku na pini ya kuchomoa kule, mengine bado yanafunga vizuri mpaka leo, na kinachoyashikilia ni vipande vya paipu vya bawaba vilivyokaa kwenye mstari mmoja.

Idadi ya hivyo vipande iwe witiri, 3 au 5. Ukiweka 3 nusu moja ya bangili inachukua viwili vya pembeni na nusu ya pili kile cha kati, kwa hiyo pini inashikwa ncha zote mbili na upande mmoja na haipindi. Paipu iwe na kipenyo cha nje mm 3, tundu mm 1.5, na waya wa pini ujae tundu, usiende kwa kulegea.

Sasa mfereji wa kulazia paipu. Gusanisha nusu zote mbili, zifunge zisisogee, halafu piga tupa ya mviringo juu ya ule mwanya mpaka kila upande uliwe sawa na paipu ikae bila kuyumba. Usiizamishe sana, kitovu cha paipu kikishuka chini ya uso wa nje wa bangili basi kingo zinagongana ukiifungua, itabidi uzichonge mshazari ndo zipate nafasi.

Kulehemu ndo roho za watu zinaporuka, na kweli fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha tupu) inaanza kuyeyuka karibu nyuzi 800 na lihamu ngumu, ile ya fedha inayotaka moto mkali, inatiririka chini kidogo tu ya hapo. Chukua chuma chembamba, kisugue penseli laini kiwe cheusi ili lihamu isikishike, kipitishe kwenye vipande vyote, vilaze kwenye mfereji. Kichembe kimoja cha lihamu kwa kila kipande, mbali na maungio ya vipande, upande wa nusu yake tu. Toachi itembee, usisimame sehemu moja, pasha mwili wa bangili kuliko paipu, na ukiona lihamu imemeta mara moja ondoa moto hapo hapo!! Chomoa chuma, tenganisha nusu, kisha malizia lihamu kila nusu peke yake, maana ukiimaliza yote ikiwa pamoja lihamu itakimbilia kwenye maungio na umeshapata bangili isiyofunguka milele.

Na jamani hicho chuma kisiingie kwenye asidi ya kusafishia pamoja na fedha, mtatoa kitu chekundu kama shaba kisha mshangae.

Pini ya kudumu inaingia baada ya polishi, unaigonga ncha taratibu kwa nyundo ndogo. Ishike bangili kwa nusu moja, ile nyingine ibaki pale ulipoiacha, ikianguka yenyewe pini ni nyembamba.

Mkiletewa furungu la zamani kutengeneza, msitumie lihamu ngumu. Mengi yalifuliwa kwa riale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha zenye mwaka 1780, na fedha yake ni 833, shaba imezidi, inayeyuka mapema. Tumia lihamu laini ya fedha, ile inayotiririka kwa moto mdogo.