Je, wajua? Sauti ya huduma kwa wateja ina mwenyewe, ila maneno sio yake

Ukipiga simu benki ikakupokea ile sauti nyororo, watu wanagawanyika, kuna wanaosema dada mmoja alikaa studio akasoma kila kitu, na kuna wanaosema hamna mtu pale, roboti tu.

Wa kwanza wana ukweli kidogo. Mfumo wa zamani, na sehemu nyingi bado upo, ni wa kukata na kuunga: mtu anarekodi "salio lako ni", "elfu", "tatu", "mia", kompyuta inapanga vipande. Ndo maana unasikia "elfu. Tatu. Na mia. Mbili", kila neno linashuka kana kwamba sentensi imeisha, maana lilirekodiwa likiwa peke yake.

Wa pili ndo wamepotea zaidi, kwa sababu mtu huwa yupo. Julai 2005 Mmarekani Susan Bennett alisoma mwezi mzima, masaa kama manne kwa siku, sentensi zisizo na kichwa wala miguu, zimechaguliwa tu ili michanganyiko yote ya sauti za Kiingereza ipatikane. Alijua ni kwa ajili ya simu za makampuni. Oktoba 2011 ikatoka Siri, ile programu ya simu za iPhone za Apple inayojibu kwa sauti, rafiki akamstua, huyu si wewe? (Apple hawajawahi kuthibitisha, ila mtaalamu wa sauti alieitwa na CNN 2013 hakuwa na shaka.) Hata hiyo bado ilikua kukata na kuunga, ila vipande vidogo mno.

Mambo yamebadilika kuanzia 2016, DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, walipotoa WaveNet, programu ya kutengeneza sauti. Kwa njia hii hakuna kipande kinachochezwa. Kila mtaa una yule jamaa anaemuigiza mwenyekiti, na hajakariri hotuba zake, ameshika tu mzee anavuta wapi, anameza wapi, anapumua wapi, kwa hiyo mpe aseme habari ya bei ya mkaa mtavunjika mbavu, ni mwenyekiti mtupu, na mwenyekiti hajawahi kugusia mkaa. Programu nayo hivyo hivyo, inasikiliza masaa ya rekodi huku inaangalia maandishi yake, inajifunza kukisia kwa herufi hizi sauti ingepanda wapi ishuke wapi, halafu makisio yanageuzwa mawimbi, namba 16,000 au zaidi kwa kila sekunde.

Februari 2020 Amazon walitangaza sauti mbili za kampuni walizotengeneza kwa njia hii, ya benki ya NAB ya Australia kwa ajili ya simu za wateja, na ya KFC Kanada inayomuigiza Kanali Sanders, mwanzilishi wa KFC, ambae alifariki 1980. Inasemwa sauti ya kipekee inamfanya mteja aiamini kampuni, ila wanaosema hivyo wengi ndo wanaoziuza.

Na kuna hili: laini ya kawaida ya simu inapitisha kama hezi 300 mpaka 3,400 tu (hezi ni kipimo cha sauti ni nene au nyembamba kiasi gani), hapo "s" na "f" zinakaribia kufanana na utamu mwingi wa studio unaishia njiani. Anaechagua sauti ya kampuni bora aisikilize kwenye simu, sio kwenye spika za ofisini.